Mtoto njiti katoka wodini salama, macho yake nani anayafuatilia? Uzi wa wazazi wa Mtwara na Lindi

Mpima Macho wa Chuno (mwenye uzi)

Wakuu, habari za majukumu.

Kazi yangu ni kupima macho, niko Mtwara mjini. Kila tukizunguka mashuleni, iwe Tandahimba, Newala au huku huku mjini, hakosekani mtoto wa darasa la pili au la tatu anayeandika huku daftari likimgusa pua. Mwalimu anasema ni mzito. Ukimtafuta mama yake ukamuuliza mimba ilifika wapi, anakujibu huyu alikuwa njiti, wa miezi sita na kitu, alikaa wodini mpaka akafikisha uzito wakaruhusiwa. Na macho? Macho mazima, anatazama vizuri tu.

Naomba tulizungumze, maana wodi za watoto wachanga zinazidi kuokoa njiti wadogo ambao zamani hawakuwa wakifika hata wiki ya pili. Tunamshukuru Mungu kwa hilo. Ila kuna ugonjwa wa macho unaofuata nyuma ya mafanikio hayo hayo. Miaka ya 1940 na 1950 ulipofusha watoto Marekani, Ulaya na Australia, baadaye ukahamia Amerika ya Kusini, Ulaya ya Mashariki na Asia, sasa zamu ni yetu. Mahali ambapo njiti wote wanakufa hutausikia. Wakianza kupona, unajitokeza.

Unaitwa retinopathi ya njiti. Kwenye faili madaktari wanaandika ROP tu.

Retina ni utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Mishipa yake ya damu inaanza kuota mimba ikiwa na wiki 16 hivi. Inaanzia pale unapoingia mshipa wa fahamu wa jicho, inatambaa kwenda pembeni, na haimalizi mpaka mimba ikaribie wiki 40. Chukulia mradi wa maji kijijini: bomba limetoka kwenye tangi, limefika nusu ya nyumba, mkandarasi kaondoka. Ndivyo lilivyo jicho la mtoto aliyezaliwa wiki ya 27. Kule tumboni oksijeni ilikuwa kidogo. Huku nje anakutana nayo nyingi, na pengine kawekewa mpira wa oksijeni puani. Ikizidi, mishipa inasimama kuota. Wiki zinapita, jicho linakua, nyumba za mwisho zina kiu na zinadai maji. Mwili unajibu kwa mishipa ya pupa: myembamba, inayovuja, inayoota pasipotakiwa. Ikigeuka kovu, kovu linaivuta retina mpaka inabanduka. Ikibanduka yote, hata upasuaji mara nyingi haurudishi uoni wa maana.

Kwa watoto wengi ugonjwa unakuja mdogo na kuondoka wenyewe. Wachache ndio unaowakimbiza, na kwa macho ya kawaida huwezi kuwatofautisha. Kwa nje jicho ni zuri, linang'aa. Ukiona weupe ndani ya mboni, pengine kwenye picha ya simu, ujue mambo yameshafika mbali. (Weupe huo unaweza pia kuwa mtoto wa jicho au saratani ya jicho. Ukiuona usisubiri wiki iishe.)

Sasa tarehe, na hapa naomba mtulie. Marekani wanawapima macho wote waliozaliwa wiki ya 30 au kabla, au wenye gramu 1500 kushuka chini. India wamepanua mpaka walio chini ya wiki 34 au chini ya gramu 2000, kwa sababu oksijeni isipodhibitiwa vizuri hata njiti wakubwa kidogo wanapata. Hali yetu iko karibu zaidi na ya India. Kipimo cha kwanza ni wiki ya nne baada ya kuzaliwa. Kama alizaliwa mapema mno, wiki 26 kwa mfano, anasubiriwa afikishe wiki 31 kwa kuhesabu na zile za tumboni. Baada ya hapo anarudiwa kila wiki moja, mbili au tatu kulingana na kilichoonekana, mpaka mishipa ifike mwisho.

Ugonjwa mkali mara nyingi unajitokeza karibu na wiki ya 36 kwa hesabu hiyo hiyo. Aliyezaliwa wiki ya 28 hapo ana miezi miwili. Miezi miwili mama keshatoka wodini zamani, yuko kwao Kitangari, watu wanakuja kumpa hongera. Ukifika wakati wa kutibiwa, leza au sindano ndani ya jicho inatakiwa iwe ndani ya siku mbili tatu. Hakuna kusema tusubiri korosho ziuzwe.

Ukiruhusiwa wodini, usitoke bila tarehe ya macho iliyoandikwa kwenye kadi. Wasipoitaja, itaje wewe.

Ya miaka ya mbele nitayaandika nikipata nafasi. Karibuni.

Mama Pacha Nachingwea

Kaka asante. Mimi nimejifungua pacha wiki ya 29, mmoja alitangulia mbele za haki, huyu aliyebaki alikuwa na kilo moja na robo. Sasa ana wiki ya tano. Tulitoka juzi. Nimeambiwa kangaruu, yaani kumbeba kifuani ngozi kwa ngozi, nimeambiwa kunyonyesha, nimeambiwa chanjo. Macho sikuambiwa na mtu. Nimesoma hapa moyo unanidunda.

Mpima Macho wa Chuno

Pole sana dada, Mungu ampumzishe mwanao.

Umechelewa wiki moja tu, na wiki hiyo inafidika. Kesho asubuhi rudi ulikotoka na kadi yako, waambie: mtoto wa wiki 29, kilo moja na robo, hajapimwa ROP, na kama alipewa oksijeni, siku ngapi. Taja hivyo hivyo. Omba waulizie daktari bingwa wa macho aliye karibu, Lindi au huku Mtwara, mwenye kile kifaa cha kuvaa kichwani cha kutazamia retina ya mtoto mchanga. Wakisema hakuna, omba rufaa ya Dar, hospitali ya Muhimbili au ya CCBRT, ukiwa umepigiwa simu kabla. Usipande basi ukafika ukaambiwa daktari wa watoto anaonekana Alhamisi.

Korosho Ghafi

Kwa hiyo mkuu oksijeni ndiyo inayowapofusha? Si wawe hawawawekei basi.

Mpima Macho wa Chuno

Mkuu, hilo lilishafanyika na watu walikufa.

Ugonjwa huu uliandikwa mara ya kwanza mwaka 1942 na daktari wa Boston, Theodore Terry. Hakuna aliyejua unatoka wapi. Mwaka 1951 daktari wa Melbourne, Kate Campbell, akaonyesha kwamba njiti waliokuwa wakipewa oksijeni nyingi ndio waliokuwa wakipofuka zaidi, na jaribio kubwa la Marekani lililoanza 1953 likamthibitisha. Inakadiriwa watoto kama 10,000 duniani walikuwa wameshapofuka. Hospitali zikaogopa, zikabana oksijeni kwa kila mtoto. Upofu ukapungua, vifo vikaongezeka, na waliopona baadhi wakapata ulemavu wa ubongo. Hata jaribio la njiti la Marekani liitwalo SUPPORT, la 2010, lilionyesha kwamba kundi lililowekwa kwenye oksijeni ya asilimia 85 hadi 89 kwenye damu lilikuwa na ugonjwa mkali wa macho mchache, lakini vifo vingi kuliko lile la 91 hadi 95.

Kwa hiyo mtoto apewe anayoihitaji, na isizidi. Mama akiiona oksijeni asiende kuichomoa kwa sababu amesoma uzi wangu!

Nesi wa Zamu

Naongezea kidogo kama mtu wa wodini. Kile kidude cha kubana mguuni chenye taa nyekundu ndicho kinachotuonyesha oksijeni kwenye damu. Tunalenga kati ya 90 na 95. Mtoto yuko kwenye oksijeni na namba imeganda 99 au 100, mama una haki ya kuuliza "sista, hii haijazidi?" Uliza kwa upole, hatukasiriki. (Wengine wanakasirika, najua. Uliza tu.) Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, lakini ikitoka kwenye mtungi bila kifaa cha kuchanganyia ni karibu 100. Sio kila wodi ina kifaa hicho.

Na kangaruu mama isiishie wodini. Mtoto asiyepata baridi, asiyepata maambukizi na anayeongezeka uzito kwa maziwa ya mama, macho yake pia yana nafasi nzuri zaidi.

Bintimikindani

Stevie Wonder, yule mwanamuziki kipofu wa Marekani, si ndio kisa chake hiki? Alizaliwa 1950 kabla ya muda, akawekwa kwenye mashine.

Mpima Macho wa Chuno

Ndiyo huyo, alitangulia wiki sita. 1950, yaani mwaka mmoja kabla Campbell hajaandika.

Mzee wa Msimbati

Vijana, sisi tuliambiwa wa miezi saba anapona, wa miezi minane haponi. Hilo mnalisemaje?

Nesi wa Zamu

Shikamoo mzee wangu. Wa minane anapona zaidi ya wa saba, kila wiki anayoongeza tumboni inamsaidia. Tunawaona kila siku.

Mzee wa Msimbati

Marahaba. Basi tulidanganywa.

Mpima Macho wa Chuno

Nimerudi na ile sehemu ya pili, ambayo kwangu ndiyo inayoniuma zaidi, maana hawa ndio ninaokutana nao.

Tuseme mtoto alipimwa, au hakupimwa lakini hakupofuka. Bado macho yake hayafanani na ya aliyetimiza miezi tisa. Kutoona mbali ni kwingi kwa njiti, na aliyetibiwa kwa leza anaweza kuhitaji miwani mizito sana akiwa bado mdogo. Waliochomwa sindano kutoona mbali kwao huwa kunapungua makali, ila hao ugonjwa unaweza kurudi baada ya miezi, kwa hiyo wanafuatiliwa muda mrefu zaidi. Hata njiti ambaye hakuwahi kupata ROP kabisa yuko kwenye hatari zaidi ya makengeza na ya kuhitaji miwani.

Kuna jicho vivu pia. Jicho moja likihitaji miwani mizito kuliko mwenzake, au likiwa limepinda, ubongo unachagua zuri na kulipuuza bovu. Mtoto halalamiki, atalalamikaje na jicho moja linaona? Akifika miaka kumi ukamvisha miwani, lile lililopuuzwa haliamki kirahisi. Chini ya miaka saba ndiyo nafasi nzuri: miwani, kisha kuziba jicho zuri kwa plasta. Kwa jicho lisilo bovu sana, saa mbili kwa siku zilionekana kutosha sawa na sita. Saa mbili mtoto anaziba akiwa anacheza bao na babu yake.

Kuhusu umri. Wazazi wanaogopa bure au wanatulia bure kwa sababu ya hesabu. Aliyezaliwa wiki ya 28 alitangulia wiki 12. Akiwa na miezi sita kwa kadi, macho yake yahesabu kama ya miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa miezi mitatu anatakiwa akutazame usoni na kukufuata ukisogea. Kaa naye mlangoni penye mwanga, usiseme neno, sogeza uso wako taratibu kushoto na kulia. Ukisema neno anafuata sauti, unajidanganya. Kama hakufuati, au macho yanachezacheza bila kutulia, mlete.

Ratiba ninayowapa wazazi wangu: apimwe kabla ya mwaka mmoja, arudi karibu na miaka miwili au mitatu, halafu kabla ya kuanza shule. Kipimo kiwe cha kutiwa dawa ya kupanua mboni. Kusoma herufi ukutani peke yake hakutoshi. Aliyewahi kuwa na ROP ya kutibiwa asiache kliniki ya macho hata akiwa mtu mzima, retina yake inaweza kubanduka akiwa kijana wa miaka 15 au 20, na presha ya macho na mtoto wa jicho vinaweza kumwahi kuliko wenzake. Akianza kuona vimulimuli, vidoa vyeusi vingi ghafla au kama pazia linashuka upande mmoja, ni siku hiyo hiyo.

Baba Masasi

Daktari, naomba nikueleze wa kwangu. Ana miaka sita, alizaliwa wiki ya 30 na siku chache. Alipimwa macho mara mbili, mara zote naambiwa mazima, hata miwani hahitaji. Lakini ngazi za kushuka anazipapasa kwa mguu kama mtu wa gizani. Sindano ikidondoka kwenye sakafu ya saruji anaiona kabla yangu. Ila juzi tulikuwa msibani, wakati wa kuondoka viatu vya watu vimejaa mlangoni, mwanangu amesimama mbele ya ndala zake mwenyewe za bluu anaangalia, hazioni. Nikazisogeza pembeni peke yake, akazivaa pale pale. Mjomba wake anasema ni deko, apewe viboko. Mimi naona kuna kitu.

Mpima Macho wa Chuno

Kaka, mimi ni mpimaji tu, daktari ni mwingine. Mwambie mjomba aweke kiboko chini kwanza.

Siwezi kumpa mtoto ugonjwa kupitia simu, lakini ulichokieleza kina sura inayojulikana. Njiti wengine jeraha haliko jichoni. Liko kwenye ubongo, kandokando ya vile vyumba vya maji vya katikati, mahali ambapo damu ya njiti hufika kwa shida. Nyuzi zinazopeleka picha zinapita hapo hapo. Jicho linapiga picha nzuri, ubongo unashindwa kuipanga. Ndiyo maana anasoma herufi moja moja vizuri na anaambiwa mzima. Sindano peke yake kwenye sakafu tupu anaiona, ndala katikati ya viatu hamsini haioni. Na nyuzi zinazoumia kirahisi ni zile za sehemu ya chini ya anachokiona, kwa hiyo ngazi, mtaro na jiwe la njiani vinampotea.

Wengine hawamwoni mama yao gulioni akiwa hatua tano mbele, lakini wakisikia sauti yake wanakwenda moja kwa moja. Wengine wakiwa wamechoka au pana kelele wanaona vibaya zaidi, asubuhi wanaona vizuri, watu wanasema anajifanya.

Mrudishe kwa daktari wa macho wa watoto na ueleze kisa cha viatu kama ulivyokiandika hapa, usiseme tu "haoni vizuri". Omba apimwe upeo wa kuona upande wa chini, na daktari wa watoto amwangalie anavyotembea. Wakati unasubiri, punguza vitu. Chakula chake kiwekwe kwenye sahani ya rangi moja, juu ya mkeka mtupu. Kanga yenye maua hata mimi kijiko kinanipotea humo. Kingo za ngazi za nyumbani zipakeni rangi nyeupe. Nguo na viatu vikae mahali pamoja kila siku. Akisoma, kata dirisha kwenye karatasi ngumu lionyeshe mstari mmoja tu, mingine ifunikwe.

Baba Masasi

Asante sana. Nimempigia mjomba nimemsomea yote. Amenyamaza muda, halafu akauliza rangi ya mafuta au ya maji.

Mpima Macho wa Chuno

Ya mafuta! Ya maji itaondoka na mvua za kwanza.

Mwalimu Ruangwa

Nafundisha darasa la sita. Ninaye binti wa namna hii, miwani anayo mizito, alizaliwa njiti, ubaoni haoni hata akikaa mbele. Anayajua majibu ukimuuliza kwa mdomo. Nahofia mtihani wa mwakani.

Mpima Macho wa Chuno

Mwalimu, asante kwa kumwona. Baraza la Mitihani lina utaratibu wa watahiniwa wenye uoni hafifu, wanapewa karatasi za maandishi makubwa. Ila lazima ajulikane mapema wakati wa usajili, siyo wiki ya mtihani. Mzazi alete ripoti ya daktari wa macho, mkuu wa shule aipeleke kwa afisa elimu anayeshughulika na elimu maalumu wilayani. Anzeni sasa akiwa la sita. Na darasani, andika kwa chaki nyeupe kwenye ubao uliofutwa vizuri, ukiandika uwe unasoma kwa sauti, na umruhusu ainuke aende ubaoni akanakili akiwa amesimama. Mezani kwake ongeza mwinuko wa kuegesha kitabu, shingo inawaumiza sana hawa watoto.

Mwalimu Ruangwa

Fundi seremala wa shule nitamuagiza kesho.

Mama Pacha Nachingwea

Kaka nimerudi. Nilikwenda, daktari wa zamu alinisikiliza, akapiga simu mbele yangu. Tumepewa rufaa na tarehe, tunasafiri kesho alfajiri na mama mkwe. Naomba kuuliza, siku ya kipimo nimnyonyeshe au asinyonye? Na inauma?

Mpima Macho wa Chuno

Alhamdulillah, umefanya vizuri sana dada.

Mnyonyeshe, lakini uwe umemaliza kama saa moja kabla, kwa sababu akiwa ameshiba wakati wanamgusa anaweza kutapika na kupaliwa. Watamtia matone ya kupanua mboni, yanachukua nusu saa mpaka saa moja kufanya kazi, kaa naye sehemu isiyo na jua kali. Kisha matone ya ganzi, kichuma kidogo cha kushikilia kope, na daktari anatazama kwa taa. Ni dakika chache. Atalia, na wewe ukiona kile kichuma utataka kulia pia. Mwambie mama mkwe ndiye amshike. Wengine humpa mtoto matone ya maji ya sukari mdomoni, yanampunguzia maumivu, waulize wao watakavyotaka. Msifanye lolote bila nesi kuwepo, njiti mdogo mapigo ya moyo yanaweza kushuka wakati ule.

Beba kadi ya kliniki na karatasi ya kuruhusiwa wodini yenye wiki na uzito wa kuzaliwa, kofia na soksi zake, kanga mbili. Njiani mweke kifuani kwa mtindo wa kangaruu, basi la alfajiri lina baridi, na kaa mbali na dirisha. Kabla hujaondoka chumba cha daktari uliza tarehe ya kurudi, na kama mishipa imefika mwisho au bado.

Mama Pacha Nachingwea

Nimeandika yote kwenye simu. Tarehe ya kurudi na mishipa imefika wapi.